Kiti cha Dereva Kina Mtu

9 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto wanaokua bila kumjua shangazi yao, hawajambo? Sisi huku tupo. Baba anakula vizuri, miguu imepungua kuvimba, na daktari amesema moyo wake ni wa kijana, habari ambayo Mama Redio wa nyumba ya pili aliitangaza mtaa mzima kabla sijafika kwangu. Bati la jikoni bado linavuja palepale ulipoahidi kupaziba. Cherehani nimeibadilisha mkanda, sasa inakimbia, na kwa kuwa shule zimefunguliwa nashona sare mpaka vidole vimeota sugu.

Unauliza kwa nini simu yangu haipatikani. Nimekwambia mara ngapi? Simu ikilia ndani ya nyumba hii Baba anadhani stesheni ya mbele inamwita. Anavuta breki, na tukishasimama kumbembeleza aondoke ni kazi ya saa nzima. Nimeizima na kuitia kabatini. Andika barua, kalamu haiumi.

Maana safari bado zipo, kila siku baada ya chakula cha mchana. Viti viwili mbele ya dirisha la sebuleni, cha kulia chake, cha kushoto changu. Tangu kile kiharusi, mwaka wa nne huu, anaamini bado yumo kazini anaendesha treni, na mimi ndiye msaidizi wake. Yeye anasema "Taa!", mimi natazama ukuta wa jirani na kujibu "Kijani!", yeye anarudia "Kijani, twende," nasi tunakwenda. Ndivyo madereva wa treni walivyofanya kazi maisha yao yote, mmoja anataja na mwenzake anarudia, ili asisinzie mtu. Kona ya Mawe tunapunguza mwendo. Daraja Refu tunapiga honi. Stesheni ya Tangi tunasimama, na hapo ndipo wasaidizi wa dereva wanapopokezana zamu, ila mimi sijawahi kupokewa na mtu.

Sasa nisikilize. Shirika la reli limetangaza nafasi za kusomea udereva wa treni. Wanachukua na wanawake. Mwisho wa umri ni miaka thelathini na tano, na wewe unajua mimi nimefika wapi. Mwakani nitakuwa nje. Nimepeleka maombi. Usicheke. Nikipita, mafunzo yanaanza Juni, miezi tisa, tunalala hukohuko chuoni. Kwa hiyo nahitaji uje umpokee Baba.

Sijamwambia mtu ila wewe. Hata yeye sijamwambia.

Dada yako


2 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo ameota meno mawili na anayajaribia kila kitu, pamoja na sikio langu. Mkubwa ameanza shule na tayari mwalimu ameshaniita. Wifi yako anakusalimu sana, anasema sare za mtoto zimefumuka kwapani, laiti fundi wa ukoo angekuwa karibu. Baba mkwe yuko imara. Duka lake limepanuka, sasa pamoja na rangi tunauza vigae, na mimi ndiye ninayevipanga, ninayevipakia na ninayelaumiwa vikivunjika. Bado tunalala kwenye kile chumba cha nyuma ya stoo. Asubuhi mzee anatuamsha kwa kugonga mlango na funguo zake, na mlango wenyewe ni wake, kwa hiyo sina la kusema.

Habari yako nimeisoma nikacheka, nisamehe. Wewe? Uliyekuwa ukitapika kila tukipanda basi? Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha nyuma ya kochi niwe abiria, unanidai tiketi, na nikikosa unanishusha porini, yaani jikoni. Kumbe ulikuwa umeanza zamani. Hongera kwa kuthubutu, nasema kwa moyo mmoja.

Kuhusu Juni, tutaona. Mwezi huo ndio wa kuhesabu mali dukani, na mzee hapendi kusikia neno ruhusa. Mama Redio hawezi kukusaidia? Au tutafute dada wa kazi aliyezoea wazee? Kiti cha kushoto si ni kusema kijani tu?

Msalimie Baba. Au usimsalimie, ukiona nitamchanganya.

Mdogo wako


24 Februari

Mdogo wangu,

Mpe mtoto hongera ya meno na wewe pole ya sikio. Sare za mkubwa nitumie vipimo, nitashona mbili na kuacha upindo mrefu. Huku mvua imeanza na sufuria ya kukingia maji imerudi mahali pake chini ya lile bati lako.

"Kusema kijani tu." Neno hilo nililicheka, kisha likanikera, kisha Mama Redio akalijibu kwa vitendo.

Niliitwa kwenye mtihani wa kwanza. Wanakupima macho na masikio, halafu wanakukalisha mbele ya ubao mweusi wenye vitaa, na kila kikiwaka cha njano unakanyaga pedali. Basi, hakuna kingine. Unakanyaga mpaka kichwa kinaganda. Vijana niliokuwa nao walianza kwa mbwembwe, wepesi kuliko mimi, lakini walipofika katikati walikuwa wanapiga miayo na kuchungulia dirishani. Mimi ambaye nimeshinda miaka nikitazama taa ambazo hazipo, kuona taa za kweli ilikuwa raha tupu. Nimepita.

Sasa turudi kwenye habari za nyumbani. Nilimkalisha Mama Redio kwenye kiti changu na kumfundisha siku mbili nzima. Baba akasema "Taa!", naye "Kijani!" Wakaenda vizuri, kijani, kijani, mpaka wakafika Tangi. Tangi huwa nyekundu, kwa sababu treni ya abiria inatangulia. Mama wa watu akasema kijani kwa furaha zake zote. Baba akamgeukia, akavuta breki, akasema, "Nyekundu. Huyu msaidizi atatuua."

Na dereva akisimamishwa na nyekundu hatoki kitini. Hali, hanywi, haendi msalani, mpaka msaidizi wake ampe kijani au aje mkaguzi amruhusu kwa mdomo wake. Hiyo ndiyo sheria yao na Baba hajawahi kuivunja. Mama Redio alimpelekea uji, akampigia magoti, akamwimbia. Wapi! Niliporudi jioni nilimkuta amelowa, midomo imekauka, mkono bado umeshikilia breki. Nikakaa kushoto, nikasema kijani. Akanitazama akasema, "Umechelewa," kisha akakubali kuinuka nimwogeshe.

Kwa hiyo dada wa kazi usimtafute. Anatakiwa mtu anayeijua njia. Tumebaki wawili, na wewe uliijua kabla yangu, maana ni wewe ambaye Baba alikuwa akikupakata na kukukaririsha stesheni moja moja mpaka unalala.

Jambo jingine, dogo tu. Tangu ile mara ya mwisho ulipokuja, nikaenda kununua nyuzi na kurudi nikakuta umeshaondoka, Baba anamsubiri mkaguzi. Anasema alipita siku moja, mtu mpole, amevaa viatu vya kahawia, na kwamba hakukaa. Kila siku kabla hatujaondoka ananiambia nifute kioo, asije akatukuta wachafu. Sijui kamtoa wapi.

Nijibu kuhusu Juni. "Tutaona" si jibu, ni mlango uliofungwa taratibu.

Dada yako


3 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Sitakufunga kamba eti posta ilichelewesha. Barua ilifika zamani. Ila mkubwa aliugua surua, akamwambukiza mdogo, halafu shehena nzima ya vigae ikaja imepasuka na baba mkwe akaningurumia mbele ya wateja. Vipimo vya sare nimeviambatisha. Nimekutumia na viatu vya bafuni vya Baba, vile visivyoteleza.

Nimesikitika kwa yaliyompata siku ile. Hongera kwa mtihani.

Nimefikiri. Mwakani hawatangazi tena? Labda umri wataongeza, mambo haya hubadilika. Vilevile nimesikia kuna nyumba za kutunzia wazee, moja ni safi, ina bustani. Sisemi tumpeleke. Nasema ipo.

Huyo mkaguzi usimtilie maanani. Wazee huona watu.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Viatu vinamtosha, sare nimeshazikata, poleni kwa surua. Salamu zimeisha hapo.

Wameniita kwenye usaili. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, wa katikati mwanamke wa makamo aliyewahi kuendesha treni mwenyewe. Akaniuliza kwa nini nataka kazi hii. Nikajidai. Nikasema mimi ni binti wa dereva, njia naijua kwa moyo, nikaanza kumtajia taa moja baada ya nyingine. Aliniacha nifike Daraja Refu, kisha akainua kiganja. Akasema kwa upole kwamba taa zile ziling'olewa siku nyingi. Tangi lilibomolewa. Reli yenyewe siku hizi inapita upande wa pili wa kilima. "Binti, usituletee reli ya baba yako, haipo tena. Tuambie wewe unataka nini."

Nilidhani imekula kwangu. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Nataka kuondoka mahali nifike mahali." Wakaangaliana, wakaandika.

Nimechukuliwa. Naisema kwako kwa sababu sina wa kumwambia. Mama Redio nikimwambia, kesho Baba atasikia kupitia ukutani.

Mchana ule niliporudi nilikaa kushoto kama kawaida. Akasema "Taa!" na nilishindwa kujibu, kwa sababu sasa nilijua kwamba hata huko nje hakuna taa. Zamani nilijifariji kwamba angalau njia ni ya kweli na ukuta ndio wa uongo. Akarudia "Taa!", mkono umeshaishika breki. Nikasema kijani. Nikafungua vifungo vya juu vya blauzi. Kila siku nasafiri, mdogo wangu, na sijavuka kizingiti. Nampenda Baba, na nimemchoka, na nikisema hivyo namwona Mama kaburini anageuka.

Nilikuwa sitaki kusema hili lakini umenifikisha. Tulikubaliana nini wiki ile alipougua? Miezi sita mimi, miezi sita wewe. Ulisema wewe mwenyewe, umesimama mlangoni na begi. Sijakudai hata siku moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe wangu umeuona mwepesi kwelikweli. Nyumba yenye bustani! Nani atakayekaa kushoto kwenye hiyo bustani?

Chuo kinataka jibu kabla ya katikati ya Mei. Kama huji, nitawaandikia kwamba nimeghairi, na wewe sitakuandikia tena juu ya hilo wala juu ya jambo jingine. Kama ni duka, sema ni duka. Kama ni kitu kingine, kiseme. Ila usinitumie viatu tena.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Shikamoo. Watoto wamepona. Sitasema mengine.

Wifi yako ameisoma barua yako. Niliisahau kwenye mfuko wa suruali ya kufua, na nadhani niliisahau makusudi. Alikuja nayo stoo, mikono ina povu, akaniuliza, "Unayemwogopa ni baba yangu au baba yako?" Nikaweka kigae chini, nikatafuta kalamu.

Siku ile uliyokwenda kununua nyuzi, mimi ndiye niliyeingia sebuleni nikamkuta Baba kitini mwake. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa vizuri, na viatu vipya nilivyonunua kwa ajili yake tu, aone kwamba kijana wake hajaharibika. Nikasema, "Shikamoo Baba." Aligeuka, akanitazama toka juu mpaka chini. Kisha akasimama. Dada, alisimama kwa ile miguu, bila kushikwa na mtu, akafunga kifungo cha shingoni, mikono ikanyooka mapajani. Akasema, "Karibu bwana mkaguzi. Treni iko salama, breki ziko sawa, tumechelewa kidogo Kona ya Mawe kwa sababu ya mvua."

Nikamwambia, "Baba, ni mimi." Akasema, "Ndiyo, bwana mkubwa." Nikamtajia jina langu la utotoni, lile la kunitania, ambalo hakuna mkaguzi duniani anayeweza kulijua. Akasema, "Ndiyo, bwana mkubwa," na jasho likaanza kumtoka, kwa sababu alidhani namtega. Alikuwa ananiogopa. Baba yangu mzazi aliyenipakata alikuwa ananiogopa, na hawezi kukaa mpaka nimwambie akae.

Nikamwambia akae. Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi za stendi mpaka basi likaja. Nilikuandikia kwamba dukani waliniita. Hawakuniita.

Wewe anakuita msaidizi, lakini anakujua. Mkono wako anaujua, ukichelewa analia njaa. Mimi nilimjia na shikamoo, naye akanipa ripoti. Ningekuja kukaa kushoto miezi sita nikiwa nani? Afadhali baba mkwe anayenigongea mlango kwa funguo, yeye angalau ananigombeza mimi.

Nina aibu, na nimekuacha humo kwa ajili ya aibu yangu. Nimelisema. Sijui la kufanya nalo.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Nililia juu ya sare ya mtoto wa watu, ikabidi niifue upya. Miaka miwili umeyabeba hayo peke yako, na mimi kila siku nafuta kioo namngojea mkaguzi. Viatu vya kahawia! Ningekuwa na akili ningejua. Nisamehe lile la kanda la usufi. Lile la miezi sita silifuti.

Sasa nisikilize vizuri, na usikasirike kabla ya kumaliza.

Nimewajibu chuo. Nimesema ndiyo. Niliandika siku moja kabla barua yako haijafika, sijui nilitegemea nini.

Jana tulipofika Tangi nilimwuliza Baba, "Mzee, mimi nikitaka kuhamishwa, nani anaruhusu?" Hakufikiri hata kidogo. "Mkaguzi." Nikamwuliza, "Na wewe dereva, ukitaka kukataa?" Akasema, "Mkaguzi hakataliwi."

Unaona ninapoelekea. Msaidizi mpya atamkataa, kama alivyomkataa Mama Redio. Mwanawe hamwoni. Mtu mmoja tu duniani anaweza kumvusha Baba kwenye nyekundu kwa mdomo mtupu, na mtu huyo anapanga vigae.

Najua ninachokuomba. Nakuomba uingie kwa baba yako na usiwe mwanawe. Usimwambie "ni mimi", hata siku moja, hata akikutazama vizuri ukadhani amekukumbuka, maana ukimtega ataogopa tena. Mkaribishe akae, mpe maneno laini. Mkaguzi mpole, ndivyo anavyokusimulia. Hakumbuki kwamba alikuogopa, anakumbuka kwamba ulikuwa mpole.

Mafunzo yanaanza tarehe mbili Juni. Viatu vile bado unavyo?

Dada yako


18 Juni

Dada,

Shikamoo, na habari za chuo? Nimeambiwa na Mama Redio kwamba mnavaa kofia ngumu na kwamba wewe umekataa kuivua hata mezani. Sijui amejuaje na yuko huku. Wifi yako na watoto watakuja shule zikifungwa. Baba mkwe alisema nikiondoka nitakuta mtu mwingine kwenye vigae. Mkewe, yaani mama mkwe wangu, akamjibu avipange mwenyewe, mazoezi ni afya. Bati la jikoni nimeliziba. Nakuomba uliandike hilo mahali.

Uliondoka alfajiri kwa mlango wa nyuma bila kumuaga. Sikulaumu. Nilikuona umesimama uani na begi, umegeukia dirisha lake, nikajifanya nimelala ili usihitaji kusema chochote. Uliacha viti viwili umevifuta.

Mchana nilimlisha nikiwa na fulana ya nyumbani, hakuniuliza mimi nani, nikamkalisha kulia, nikaenda kuvaa. Viatu vinanibana siku hizi. Nikaingia kwa mlango wa mbele. Akasimama, akafunga kifungo. Ripoti ikawa ileile, breki sawa, mvua Kona ya Mawe. Ulimi wangu ulitaka kusema shikamoo, nikaumeza. Nikasema, "Kaa, dereva. Kazi yako inasifiwa." Akakaa. Uso ulimlainika, dada, mpaka nikageukia ukutani kidogo.

Akauliza msaidizi wake yuko wapi, maana muda wa kuondoka umefika. Nikamwambia nimemhamisha. Akauliza, "Amekosa nini?" Nikasema hajakosa kitu, amepelekwa kusomea udereva. Akaweka mikono juu ya magoti, nami nikafikiri basi, hapa ndipo nyekundu inapowaka na huyu mzee atakaa mpaka akauke. Akasema, "Yule? Anaijua njia?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemfundisha. Nieleze wewe."

Alitazama kiti chako muda mrefu. Kisha akasema, "Hajawahi kunipa kijani ya uongo hata siku moja." Akashika mkono wa kiti, akajisukuma, nikataka kumsaidia akanikatalia kwa kichwa. Akainuka. Akatoka kwenye kiti cha kulia, kile ambacho hata Mama hakuruhusiwa kukiwekea kikapu chake, akazunguka polepole akiegemea ukuta, akaketi kushoto. Akanyoosha shati. Akatazama mbele, na kwa sauti ya mtu anayeshika zamu akasema, "Kijani."

Halafu akangoja. Hakuna aliyerudia. Nikadhani natakiwa mimi, nikaanza kuvuta kiti cha kulia nikae. Akaniwekea mkono. "Samahani, bwana mkaguzi. Hicho kina mtu."

Tangu siku hiyo anasafiri hivyo. Anakutajia taa, anangoja kidogo, anaitikia kwa kichwa kana kwamba amekusikia, mnaendelea. Anakula, anaenda msalani, hatugombani. Ukipita vibaya Kona ya Mawe anaguna. Mimi nimepewa kigoda karibu na mlango, mahali pa mkaguzi, na kazi yangu ni kukaa na kuridhika. Nashinda humo mchana kutwa na viatu vinavyobana, siruhusiwi kuvivua, siruhusiwi kutoka kabla hamjafika, siruhusiwi kuwa mtu wake. Sasa najua ulikuwa unaniandikia kutoka wapi. Kuna wakati natazama ule ukuta wa jirani mpaka naona kijani kweli.

Nilitaka kuishia hapo lakini kuna la jana.

Tulikuwa tumesimama Tangi. Akageuka na kuniambia ana ombi, ila anaona haya. Nikamwambia aseme. Akasema, "Bwana mkaguzi, nina kijana wangu. Yuko mbali, anafanya kazi ya vigae. Mdogo wake yule dereva. Dada yake alikuwa akinisomea barua zake hapa kitini, safari ikiisha." Hukuniambia kwamba ulikuwa unamsomea, dada. "Ni siku nyingi sijamwona. Naomba ruhusa ya siku mbili nikamsalimie. Nilitaka kukuomba ile mara ya kwanza ulipopita, lakini hukukaa."

Ulinikataza nisiseme, na sikusema. Nilishika kigoda kwa mikono miwili na sikusema. Nikamwambia ruhusa imetolewa, na si siku mbili, aende akae anavyotaka, na kwamba kijana wake atafurahi mno. Akasimama akanipa mkono. Aliushika mkono wangu muda mrefu, akazipapasa sugu za vigae, akasema mkaguzi ana mikono ya mtu wa kazi. Nikasema ndiyo.

Halafu akarudi kukaa. Akasema ataondoka dereva wake akishahitimu na kurudi, maana treni haiachwi bila mwenyewe. Mpaka hapo atavumilia.

Basi dada, tumekubaliana hivyo. Tumekaa hapa wawili, mimi kwenye kigoda na yeye kushoto, na sote tunakungoja wewe ili akamwone mwanawe.

Mdogo wako